Kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Mlimani: Shahada ya Miamba na Mchanga wa Kariakoo

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya uhuru, Tanganyika ilifungua chuo kikuu chake cha kwanza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Soko la Kariakoo lilikuwa upande mmoja, viwanja vya Mnazi Mmoja upande wa pili. Chuo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, wanafunzi hawakufika 15, na wote walisoma sheria. Hakikuhitaji maabara, hadubini wala nyundo. Nchi mpya ilitaka mawakili na mahakimu upesi, na sheria iliweza kufundishwa kwa vitabu, ubao na viti.

Miaka 13 baadaye chuo hicho hicho, kikiwa kimeshahamia Mlimani, kilianzisha Idara ya Jiolojia. Kuanzia hapo kijana aliyemaliza kidato cha sita Tabora au Tanga aliweza kusomea miamba nyumbani na kupata shahada yake ya kwanza Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake shahada hiyo imeelekeza macho mbali: dhahabu ya Geita, almasi ya Mwadui, tanzanaiti ya Mirerani. Mchanga ulio chini ya maduka ya Kariakoo umengoja zamu yake kwa muda mrefu.

Macho hayo yalielekezwa bara tangu zamani. Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa miamba kutoka Ujerumani, alizunguka koloni la Afrika Mashariki kati ya 1895 na 1897 akipima vilima na kuchora ramani. Kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1900. Kisha ikaja Tendaguru, kusini, nyuma ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 wanasayansi wa Berlin wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walichimba huko mabaki ya dinosaria, na mamia ya vibarua waliyabeba kwa miguu hadi pwani. Shehena ilizidi tani 200. Mifupa mingine iliunganishwa ikawa mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, anayesimama hadi leo katika makumbusho ya Berlin.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji wale alikuwa Boheti bin Amrani. Alijua kuufuata mfupa ndani ya udongo bila kuuvunja, na alijua kuufunga usafiri salama. Siku hizi kazi ya namna hiyo ina mhadhara wake, mtihani wake na cheti chake, lakini yeye hakupewa hata kimoja. Heshima ilimfikia mwaka 2007, wakati aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipoitwa Australodocus bohetii kwa ajili yake.

Waingereza walipochukua nchi walianzisha Idara ya Upimaji wa Jiolojia mwaka 1925, chini ya Edmund Teale, na makao yake yakawa Dodoma. Kazi iliyotoka humo ilikuwa ya daraja la juu. J. B. Dawson, mtumishi wa idara hiyo, alipanda Oldoinyo Lengai mwaka 1960 na kuonyesha kwamba lava yake ni ya kabonati ya sodiamu, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika volkano nyingine yoyote hai duniani. Wanasayansi waliotia saini ripoti za idara walitoka vyuo vya ng'ambo, na Watanganyika waliowafuata porini walikuwa wapagazi, wapishi na wachimba mashimo. Williamson, aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alikuwa Mkanada.

Uhuru ulikuta pengo hilo wazi. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba mwaka 1961 nchi ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo cha Dar es Salaam kilipoingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, masomo ya gharama yaligawanywa kati ya nchi tatu: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mwaka 1964 wanafunzi waliondoka Lumumba na kupanda Mlimani, kilomita 13 magharibi ya katikati ya jiji. Kitivo cha Sayansi kilifuata 1965.

Azimio la Arusha la 1967 lilibadili hesabu. Madini yaliwekwa miongoni mwa njia kuu za uchumi, mikononi mwa umma, na umma ulihitaji watu wake wa kuyatafuta na kuyapima. Shirika la mafuta, TPDC, liliundwa 1969. Mwaka 1970 Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu kinachojitegemea. STAMICO, shirika la madini, likaja 1972, Kitivo cha Uhandisi 1973, na jiolojia 1974. Mwaka huo huo wa 1974 gesi asilia iligunduliwa Songo Songo. Idara ilizaliwa nchi ikiwa na kazi ya kuipa.

Kazi hiyo haikai darasani. Mwanafunzi huanza na madini yenyewe: rangi, mng'ao, ugumu, namna yanavyopasuka. Anajua kwarzi kwa sababu inakwaruza kioo, anajua jiwe la chokaa kwa povu linalotoka likidondoshewa asidi. Anajifunza kukisaga kipande cha mwamba mpaka kibaki na unene wa sehemu tatu za mia za milimita, mwanga upite ndani yake, na chembe zionekane chini ya hadubini kwa rangi ambazo jiwe zima halizionyeshi. Kisha inakuja fildi. Hapo anashika dira, nyundo, lenzi na daftari, anapima mwelekeo na mwinamo wa tabaka, anatembea kutwa juani na jioni anachora alichokiona. Ramani anayorudi nayo ndiyo inayoonyesha kama ameelewa, kwa kuwa mwamba uliofunikwa na majani hauwezi kukaririwa kutoka kwenye noti.

Katikati ya jiji, Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert ina mfano mzuri wa nguvu ya elimu hiyo. Fuvu la Zinjanthropus, lililookotwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, liliwekwa humo mwaka 1965. Umri wake wa takriban miaka milioni 1.75 haukupatikana kwa kulipima fuvu. Ulipatikana kwa kupima potasiamu na agoni katika majivu ya volkano yaliyolizunguka.

Baada ya Sheria ya Madini ya 1998 migodi mikubwa ilifunguliwa mfululizo: Nzega mwaka huo huo, Geita 2000, Bulyanhulu 2001. Wahitimu wa Mlimani waliingia katika kambi za utafiti za Kanda ya Ziwa, wakisoma mwamba uliotolewa ardhini kwa mashine za kuchoronga, mita kwa mita. Wengine walibaki kwenye utafiti na ualimu. Sospeter Muhongo, aliyesoma na kufundisha Mlimani, alijenga jina kwa kuchunguza ule mkanda wa miamba ya kale unaopita mashariki mwa nchi kuelekea Msumbiji. Aliongoza Jumuiya ya Jiolojia ya Afrika, na mwaka 2012 akawa Waziri wa Nishati na Madini.

Siku ambayo nchi nzima iliwasikiliza wanajiolojia ilikuwa tarehe 24 Mei 2017. Machi ya mwaka huo serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini uliochenjuliwa nusu, kusafirishwa nje, na makontena 277 yalikuwa yamekwama bandarini Dar es Salaam. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia wa Mlimani, ilichukua sampuli kutoka makontena 44. Ikulu, mbele ya Rais John Magufuli na kamera za televisheni, Mruma alisoma matokeo: wastani wa gramu 1,400 za dhahabu katika kila tani. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na makinikia hayo, ilizikataa takwimu hizo, na mgogoro ukaisha kwa makubaliano na Barrick, kampuni mama ya Acacia, yaliyoleta kampuni ya Twiga Minerals, ambayo serikali ina asilimia 16 ya hisa. Kwa siku kadhaa watu waliokuwa hawajawahi kusikia neno sampuli walibishana vijiweni namna sampuli inavyopaswa kuchukuliwa.

Gesi nayo ilivuta wanafunzi. Ugunduzi wa kina kirefu cha bahari, kuanzia 2010, ulifikisha akiba inayotajwa kuwa ya futi za ujazo zaidi ya trilioni 57, na shahada ya jiolojia ya petroli ikapata waombaji wengi. Mradi mkubwa wa kusindika gesi Lindi ulichelewa, na ajira zikachelewa nao. Wakati huo Mlimani haikuwa peke yake tena. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilikuwa na kitengo chake cha sayansi za dunia, katika mji ule ule waliokaa wapimaji wa Teale.

Jiji lenyewe, kwa muda wote huo, lilikuwa likijengwa juu ya jiolojia yake. Boma la Kale, linaloitazama bandari tangu enzi za Sultani Majid katika miaka ya 1860, lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Saruji ya Wazo, inayotengenezwa tangu 1966, hutokana na mawe ya chokaa ya Kilima cha Wazo. Vilima vya Pugu vina mchanga uliojaa udongo mweupe wa kaolini. Kati ya Pugu na bahari umelala uwanda wa mchanga na udongo mfinyanzi, wa umri mdogo kwa kipimo cha miamba, na Kariakoo iko juu yake.

Uwanda huo ndio uliowanywesha watu kwa visima kabla bomba la Ruvu Juu halijafika mwaka 1959 na la Ruvu Chini mwaka 1976. Ukame wa 1997 ulirudisha visima kwa kasi, safari hii virefu, vya taasisi na vya watu binafsi. Chini kuna matabaka mawili ya mchanga yenye maji, na katikati yake udongo mfinyanzi. Karibu na bahari, pampu zikivuta kupita kiasi maji ya chumvi husogea kuchukua nafasi ya yaliyotolewa. Mama wa Ilala anayeionja chumvi hiyo kwenye ndoo anaonja tatizo ambalo mwanajiolojia wa maji amefundishwa kulipima na kulichorea mpaka.

Mto Msimbazi nao unateremka kutoka upande wa Pugu ukibeba mchanga hadi Jangwani, ubavuni mwa Kariakoo. Desemba 2011 mvua kubwa kuliko zilizonyesha jijini tangu 1954 ziliua watu zaidi ya 40 na kuwaacha maelfu bila makazi. Wengi walihamishiwa Mabwepande. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa hapo hapo Jangwani, na mafuriko yakaifuata mara kwa mara. Bonde la mafuriko lilikuwa linafanya kazi yake ya siku zote.

Maghorofa ndiyo yaliyoleta vilio vikubwa zaidi. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, saa ya biashara, watu wakiwa madukani, na waliokufa hawakupungua 29. Haki isemwe: si kila jengo linaloanguka huangushwa na ardhi. Zege dhaifu, nondo chache na ghorofa za nyongeza huua vilevile. Lakini Kariakoo fremu moja ina bei ya kutisha, na mwenye jengo anatamani kuchimba maduka chini ya ardhi, mara nyingine katika mchanga wenye maji na ukuta wa jirani ukiwa umeegemea hapo hapo. Mchanga unaoondolewa ndio uliokuwa umeubeba ukuta ule.

Beda Amuli, msanifu wa jengo jipya la Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975, alionyesha kwamba kushuka chini kunawezekana. Soko lake lina sakafu ya chini ya ardhi, ile ambayo wafanyabiashara huiita Shimoni. Moto wa Julai 2021 uliliunguza jengo, na ukarabati ukafuata. Kwenda chini si kosa. Kosa ni kwenda chini bila kujua kilichoko huko, na elimu ya kukijua imekuwa ikitolewa umbali wa safari moja ya daladala kutoka Mtaa wa Msimbazi, ambako Mlimani inafundisha pia jiolojia ya uhandisi, tawi linaloshughulika na misingi, miteremko na maji ya chini.

Kila ghorofa jipya la Kariakoo huanza na shimo. Kwa siku chache kabla zege halijamiminwa, matabaka ya mchanga na mfinyanzi huwa wazi, kina cha maji huonekana kwa macho, kisha yote hufunikwa. Wanafunzi wa jiolojia wakipewa kibali cha kuingia katika kila shimo la aina hiyo, kupima, kuchora na kuweka kumbukumbu mahali pamoja, fildi yao itakuwa imefika mjini, na baada ya miaka kumi kutakuwa na ramani ya chini ya Kariakoo, mtaa kwa mtaa: Kongo, Mchikichi, Sikukuu, Lumumba. Ofisa wa Halmashauri ya Jiji ataweza kuifungua mezani kabla ya kugonga muhuri kwenye kibali cha ghorofa linalofuata.