Njia ya puani hadi chini ya ubongo, na somo lake kwa pwani ya Cabo Delgado

Chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, imejificha tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Imekaa katika kishimo cha mfupa kwenye sakafu ya fuvu. Kushoto na kulia kwake hupita mishipa mikuu ya damu iendayo ubongoni, na juu yake hukutana mishipa ya fahamu ya macho. Uvimbe ukiota hapo na kubana mishipa hiyo ya macho, mgonjwa hupoteza kwanza uoni wa pembeni. Akichelewa, anaweza kupofuka. Kwa mkazi wa Palma au Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, upasuaji wa kuutoa uvimbe huo kupitia puani ni kama haupo. Hata hivyo, historia ya upasuaji huu inaonyesha kwamba mahali pagumu kufikika hufunguliwa kwa vifaa, lakini kinachopazuia pasifungike tena ni watu kufundishana.

Mwaka 1907, Hermann Schloffer wa Innsbruck alimtoa mgonjwa uvimbe wa tezi hii kwa kupitia puani. Harvey Cushing wa Marekani akaiendeleza njia hiyo kwa kupasua chini ya mdomo wa juu, na kati ya 1910 na 1925 aliwapasua hivyo wagonjwa 231. Waliofariki hawakufika 6 kati ya 100. Lakini tundu lilikuwa jembamba na lenye giza, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 Cushing mwenyewe aliiacha njia hiyo, akapendelea kufungua fuvu kwa juu. Kwa heshima aliyokuwa nayo, karibu wote wakamfuata. Njia ile ingekufa kama si mwanafunzi wake mmoja, Norman Dott, aliyerudi nayo Edinburgh na kuendelea kuitumia kimya kimya. Mwaka 1956 Gérard Guiot alitoka Paris akamtazama Dott akifanya kazi, kisha akaongeza picha za eksirei wakati wa upasuaji. Kwa Guiot akajifunza Jules Hardy wa Montreal, ambaye katika miaka ya 1960 aliingiza hadubini. Endoskopi, kijiti chembamba chenye taa na kamera, ilienea baadaye. Mwaka 2006 madaktari wa Rosario, Argentina, wakaonyesha namna ya kuziba tundu la fuvu kwa kipande cha utando wa pua kisichokatwa mshipa wake wa damu, ili maji ya ubongo yasivuje.

Msumbiji nayo inaujua mnyororo wa namna hiyo wa kufundishana. Wakati wa vita vya ukombozi, chama cha wapigania uhuru, FRELIMO, kiliendesha hospitali yake Mtwara, Tanzania, ng'ambo ya mto Ruvuma, iliyopewa jina la daktari Américo Boavida. Baada ya uhuru wa 1975 madaktari wengi Wareno waliondoka, na mwaka 1984 nchi ikaanza kuwafundisha upasuaji matabibu wasio madaktari. Walioshuku waliuliza kama mikono hiyo ni salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996, uliolinganisha upasuaji wa uzazi 2,071 mjini Maputo, ulikuta matokeo ya matabibu hao hayana tofauti kubwa na ya mabingwa. Hakuna anayedai kwamba tabibu wa wilaya apasue sakafu ya fuvu. Hoja ni kwamba ujuzi uliofundishwa kwa utaratibu huvuka mpaka wa cheo.

Wapo watakaosema kwamba huu ni uroho wa anasa pale ambapo akina mama bado wanakosa upasuaji wa kujifungua. Pingamizi hilo lina uzito, ila linatenganisha mambo yanayokwenda pamoja: dawa ya usingizi, damu salama na rufaa inayofika humhudumia mama mjamzito na mwenye uvimbe vilevile. Tena hatua ya kwanza haigharimu mashine yoyote. Mhudumu wa zahanati akimfunika mgonjwa jicho moja na kusogeza vidole kutoka pembeni, anaweza kushuku tatizo. Na baadhi ya uvimbe huu hutibika kwa vidonge tu. Wengine watasema vita ya waasi huko Cabo Delgado inabomoa kila kinachojengwa. Ni kweli, Mocímboa ilitekwa Agosti 2020 na Palma ikashambuliwa Machi 2021. Lakini jengo likichomwa halikimbii; aliyefunzwa huhama na ujuzi wake, na amani ikirudi hurudi nao.

Kwa mstari ulionyooka, Palma iko chini ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na karibu kilomita 1,900 kutoka Maputo. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, madaktari wa Tanzania wameshaanza kupasua tezi hii kupitia puani. Kwa hiyo serikali za nchi hizi mbili, ambazo majeruhi waliwahi kuvuka Ruvuma kati yake kutafuta tiba, zinapaswa kukubaliana rasmi juu ya rufaa, na juu ya nafasi za mafunzo kwa madaktari wa miji ya Pemba na Nampula nchini Msumbiji. Dott alihitaji mwalimu mmoja tu ili njia isipotee. Cabo Delgado nayo inastahili kupewa mwalimu wake.