Pamba ya Lamu na maabara za Bonde la Ufa

Mkulima wa Mpeketoni au Hindi akishauza pamba yake, ni nadra kujua itasokotwa wapi. Kiwanda kimoja cha kuisokota kiko mbali, Bonde la Ufa, na habari yake haitengani na vyuo vikuu.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa vituo 24 vya umahiri katika nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika. Kenya ilipata vitatu. Egerton, kule Njoro karibu na Nakuru, ilipewa kilimo endelevu. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kikapewa kemikali za mimea, nguo na nishati jadidifu. Vituo hivi husomesha pia wanafunzi wa nchi jirani na hushirikiana na vyuo vya ng'ambo. Moi haikuwa ngeni katika hilo: tangu 2007 ilikuwa na ushirikiano na vyuo vya Flanders, Ubelgiji, uhandisi wa nguo ukiwemo.

Mwaka huo huo wa 2007 Moi ilinunua Rivatex, kiwanda cha miaka ya 1970 kilichokuwa kimefilisika. Kilifufuliwa kwa mkopo kutoka India, kikazinduliwa upya Juni 2019. Pamba huingia, kitambaa hutoka: kusokota, kufuma, kutia rangi, kupiga chapa. Mwanafunzi anaiona mashine, si picha yake kitabuni.

Kazi ngumu ni rangi. Kutia nguo rangi kunakula maji mengi, na maji hayo yasiposafishwa hupeleka kemikali mtoni. Ndiyo sababu mimea na nguo zimewekwa kituo kimoja: magome, mizizi na majani hutoa rangi. (Wazee wetu walijua hilo kwa magome ya mkoko.) Lakini leso lazima istahimili sabuni na jua, na mita ya elfu ifanane na ya kwanza. Hapo ndipo maabara inahitajika.

Mkonge nao unalimwa Mogotio, kaskazini mwa Nakuru, kama unavyolimwa Vipingo. Zao ni lile lile. Kwa maoni yangu, Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na TUM ya Mombasa wangebisha hodi Njoro na Eldoret, wakiwa na pamba ya Lamu mkononi na swali moja la kuanzia: leso zetu zinaweza kutiwa rangi gani isiyoharibu maji?