Nguu Haikuwa Pori

"Mfalme wenu wa kwanza alikuwa mwindaji wetu."

Maneno hayo niliyasikia Kwedizinga, wilayani Handeni, mbele ya gunia la viazi mviringo. Aliyesema ni mzee wa Kizigua; aliyeambiwa ni kijana aliyeshuka na viazi vyake kutoka Lushoto. Kijana hakukasirika. Alisawazisha viazi juu ya sado, akajibu: "Sawa, baba. Lakini alikuja kwetu na njaa." Watu wakacheka, biashara ikaendelea. Mimi ndiye niliyebaki na ile kauli kooni kama mwiba wa samaki, maana nilijua kwamba vitabu vyote nilivyosoma vimekaa upande wa kijana.

Hadithi yenyewe wengi wanaijua. Mbegha alizaliwa Nguu, milima iliyo upande wa magharibi wa nchi ya Uzigua. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, akawa kigego, mtoto wa kuogopwa. Wazazi walipokufa, ndugu walimnyima urithi wakamfukuza. Akaenda mji wa Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa pale, wakawa wanawinda nguruwe pamoja mpaka siku nguruwe alipomuua yule mtoto. Mbegha akakimbia tena na mbwa wake na wenzake, akavuka nyika, akapanda Usambara. Akagawa nyama, akapewa vyakula vya shamba. Akatibu watu, akapewa mke. Bumbuli wakampenda, Vugha wakamwita. Njiani kwenda Vugha akaua simba usiku, na kulipopambazuka akawa Simba Mwene, cheo cha mfalme. Kutoka kwake wakaja Buge, kisha Kinyashi, kisha Kimweri ye Nyumbai, yule ambaye mmisionari Krapf alimkuta Vugha mwaka 1848 na tena 1852. Ukoo wa kifalme ukaitwa Wakilindi, kwa jina la mji ambao babu yao aliukimbia.

Hapo pa jina ndipo pananishangaza. Ukoo uliotawala Wasambaa mpaka karne ya 20 ulijiita kwa jina la mahali palipo upande wetu, kusini ya mto Ruvu, ambao ramani huuita Pangani. Mwaka 2002 Handeni ilipogawanywa, wilaya mpya ikapewa jina hilohilo, Kilindi. Lakini ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari habari za Kilindi atakuambia za Vugha. Nguu kwake ni mlango tu wa kutokea.

Lawama ya kwanza naiweka kwa mtu ninayempenda, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichoanza kuchapishwa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19, ni miongoni mwa nathari tamu kabisa za Kiswahili. Wapo wanaodhani nathari ya Kiswahili ilianza na Shaaban Robert. Wamsome Abdallah kwanza. Anajua kusimulia safari, anajua kumfanya mzee aseme maneno mawili yakatosha. Lakini Abdallah alikuwa mtu wa baraza la Semboja, mwana wa Kimweri, kule Mazinde, na mtu wa baraza huandika kwa macho ya baraza. Nguu yake ina mambo matatu tu: meno, urithi na nguruwe. Mbegha akishavuka mto, nchi nyuma yake inafungwa kama kitabu kilichokwisha somwa. Hatuambiwi walilima nini, nani alikuwa zumbe, yaani mkuu, wa wapi, wala kwa nini mkuu wa Kilindi aliweza kumkaribisha kigego ambaye ndugu zake walimkataa.

Lawama ya pili ni ya heshima zaidi. Steven Feierman, Mmarekani, aliishi na wazee wa Kisambaa akaandika mwaka 1974 kitabu ambacho hakuna anayeweza kukiruka. Kwa maoni yake hadithi ya Mbegha ni hadithi ya pori kugeuka kuwa kaya. Mwindaji anakuja na nyama, kitu cha porini. Wasambaa wanampa chakula cha shamba. Wanabadilishana, na mtu wa hatari anakuwa mtu wa kuponya nchi, kuzifya shi kama wanavyosema wenyewe. Ni tafsiri nzuri, na kwa Wasambaa wenyewe huenda ni ya kweli, maana kila taifa lina haki ya kupanga maana ya mwanzo wake. Ila inataka mtu mmoja akubali kuwa pori. Huyo mmoja ni Mnguu, na jirani yake Mzigua.

Nguu haikuwa pori. Ni milima yenye mvua, yenye mabonde ya kulima na watu waliokaa humo tangu zamani. Ushahidi mkubwa hauko ardhini, uko vinywani. Wataalamu wa lugha wanaziweka Kizigua, Kinguu, Kisambaa na Kibondei katika tawi moja, na wakalipa jina ambalo wenyeji walikuwa nalo, Seuta, jina la babu wa masimulizi. Lugha hizi si binamu wa mbali. Mkuu ni zumbe huku na huku. Nyumbani ni kaya huku na huku. Mwanamume anayeheshimiwa kwa Mzigua ni mgosi. Kwa Msambaa ni mgoshi, na kwa sauti hiyo moja utajua mtu amekulia bondeni au mlimani. Kiswahili chenyewe ni ndugu yao kutoka tawi jingine la pwani, ndiyo maana Mswahili akikaa Korogwe wiki mbili huanza kudokoa maneno.

Kwa hiyo mchukue Mbegha siku anayofika kwa wazee wa Kisambaa. Hahitaji mkalimani. Hata kosa lake linaeleweka bila maelezo, maana kigego aliogopwa mlimani kama alivyoogopwa Nguu. Hapo hoja ya pori na kaya inaanza kuyumba. Sheria iliyomfukuza Mbegha ndiyo sheria waliyokuwa nayo waliompokea. Alitoka kaya moja akaingia kaya nyingine ya watu wa asili ileile, na kama kuna kilichobadilika ni hesabu ya wazee waliomtazama.

Nayo hesabu hiyo Feierman ameieleza vizuri, namrudishia haki yake. Usambara ya mwanzoni mwa karne ya 18 ilikuwa na koo zilizojitawala. Vugha palikuwa kwa Wanango. Katika miaka hiyo waliingia wageni, Wambugu wafugaji, wakikimbia Wamasai, nao hawakuoana na wenyeji wala kufuata desturi zao. Mashauri yakawa mengi, na mwamuzi wa ukoo mmoja hawezi kuhesabiwa kuwa wa haki na ukoo wa pili. Mtu asiye na ndugu pale ana faida moja: hana wa kumpendelea. Mimi naongeza kwamba mgeni huyo alitakiwa pia awe mtu anayejua desturi bila kufundishwa. Mgeni kabisa hafai, na mwenyeji kabisa hafai. Mnguu alifaa.

Sasa nimgeukie mzee wangu wa Kwedizinga, maana naye ana makosa yake. (Kwanza Mnguu atakuambia yeye si Mzigua, na ugomvi huo una meza yake.) Anaposema "mwindaji wetu" anataka kusema tuliwatawala. Hakuna jeshi lililopanda mlima pamoja na Mbegha. Kilichopanda ni mtu na mbwa, na kilichomweka ni ndoa. Alioa kwa koo za huku na kule, na watoto wake wakawekwa wakuu kwa wajomba zao. Buge, aliyerithi Vugha, mama yake ni wa Bumbuli, na ndiyo sababu Bumbuli ikawa kiti cha mrithi. Ukimpima Mkilindi wa kizazi cha pili, jina ni la Nguu, damu nusu ni ya mlimani, na malezi yote ni ya kwa mjomba. Huo si utawala wa Wazigua. Ni Wasambaa kujitengenezea mfalme kwa mbegu waliyoazima.

Ugomvi wa namna hii si wetu peke yetu. Desemba 2001, Mfalme Akihito wa Japani, alipokaribia kutimiza miaka 68, aliwaambia waandishi wa habari kwamba anajisikia kuwa na udugu na Korea, kwa sababu kitabu cha kale, Shoku Nihongi, kinasema mama wa Mfalme Kanmu alitoka katika ukoo wa Mfalme Muryeong wa Baekje. Baekje ilikuwa dola ya Korea ya kale. Ilipoanguka mwaka 660 Wajapani walituma merikebu kuisaidia, wakapigwa mwaka 663, na watu wengi wa Baekje wakavuka bahari kwenda kuishi Japani. Habari hiyo ilikuwa vitabuni miaka mingi. Kuisikia kinywani mwa mfalme ndiko kulikowashtua watu, na Korea waliipokea kwa furaha kubwa kuliko Japani. Lakini udugu huo una upande wa kuumiza. Kati ya 1910 na 1945, Japani ilipoitawala Korea, walikuwapo wasomi wake waliohubiri kwamba mataifa hayo mawili yana babu mmoja, ili kutawaliwa kuonekane kama kurudi nyumbani. Neno lilelile, udugu, leo ni salamu na jana lilikuwa pingu. Ndiyo maana naogopa kidogo mzee anaposema "wetu".

Tena udugu wa Waseuta haukuzuia mtutu. Mlima ulikuwa na chakula wakati nyika imekauka, na nyika ilikuwa na njia ya pwani. Wazigua walikuwa karibu na Pangani na Sadani, wakapata bunduki mapema. Kimweri ye Nyumbai, kwa fahari zake zote, alizeeka akitazama bonde la Ruvu likimponyoka, vijiji vya Wazigua vikiwa na silaha na yeye akiwa na heshima ya mvua. Mbali zaidi, karibu na Morogoro ya leo, Mzigua Kisabengo alijenga mji wenye ngome, na msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta unatawaliwa na binti yake. Mji huo uliitwa Simbamwene. Cheo kilichotungwa Usambara kwa ajili ya mtu wa Nguu kikawa jina la mji wa Mzigua kule Uluguru! Sijaona mwandishi aliyekaa kitako na jambo hili. Ama cheo kilishuka mlimani kwa sifa zake, ama kilikuwa cha Waseuta wote tangu mwanzo na Vugha ndiyo iliyokiazima. Mimi nauelekea upande wa pili, ingawa nikibanwa sana nitakubali kwamba roho ya kwetu inanisukuma.

Baada ya Kimweri kufa, mwaka 1862, mambo yalikwenda mbio. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini bondeni penye njia ya misafara, akawa na bunduki na biashara ya watumwa. Wazao wa Mbegha wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Wabondei wakawaasi Wakilindi. Wajerumani wakamnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1895. Njaa za miaka hiyo zikaikamua Handeni. Reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, mkonge ukajaza bonde, na Korogwe, iliyokuwa ya Wazigua wa visiwani mtoni, ikawa mji wa kila mtu.

Kwa muda huo wote kulikuwa na Wazigua wengine ambao Mbegha wao hakuwahi kupata Vugha. Katika njaa za nusu ya kwanza ya karne ya 19 walichukuliwa kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia, wakauzwa. Waliotoroka wakajificha kwenye misitu ya mto Juba na kuishika lugha yao. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi walirudi kwa bahari, wakawekwa Mkuyu, kisha Chogo, yote Handeni. Karne na nusu zilikuwa zimepita. Wenyeji waliwasikiliza, wakasikia Kizigua, cha zamani kidogo, chenye harufu ya nchi nyingine.

Nilimweleza kijana wa viazi sehemu ya haya siku ileile, wakati anafunga gunia. Alifurahia zaidi habari za Bumbuli, maana ndiko kwao.

"Basi baba," alimwambia mzee, "ninyi ni upande wa mwindaji, sisi ni wajomba."

Mzee alifikiri kidogo. Kisha akainama, akachukua viazi vitatu juu ya sado, akavitia kwenye kikapu chake pasipo kuuliza bei.

"Kwa mjomba," akasema, "mpwa halipi."