Kumbukumbu, Kaseti na Matini: Kuirejelea Filamu ya E.T. Nyumbani

Utangulizi

Uhakiki wa filamu umezoea kuipuuza hamu ya yaliyopita kama udhaifu wa mtazamaji. Hudaiwa kwamba mtu anayeirudia filamu aliyoipenda utotoni haitazami filamu hiyo, bali hujitazama mwenyewe. Dai hili lina ukweli, lakini si ukweli wote. Makala haya yanachunguza historia ya filamu moja ya bunilizi ya kisayansi iliyokusudiwa familia, E.T. the Extra-Terrestrial (1982), iliyoongozwa na Steven Spielberg kutokana na mswada wa Melissa Mathison. Inadhihirika kwamba kumbukumbu ya watazamaji, ikitegemezwa na kaseti ya video, iligeuka kuwa ushahidi wa kimatini dhidi ya uamuzi wa mtunzi mwenyewe. Swali linalozuka ni kongwe katika taaluma ya fasihi: kazi ya sanaa ikishaingia katika kumbukumbu ya hadhira, ni nani mwenye haki ya kuibadilisha?

Kisa chenyewe ni chepesi. Kiumbe kutoka sayari nyingine anaachwa na wenzake katika msitu ulio karibu na kitongoji kimoja cha California. Mvulana aitwaye Elliott, ambaye baba yake ameihama familia, anamficha ndani ya kabati chumbani mwake. Kwa msaada wa kakaye Michael na dada yao mdogo Gertie, anamwezesha mgeni huyo kuwasiliana na kwao, huku maafisa wa serikali wakiwaandama. Filamu hii ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani mnamo Juni 1982 na kuweka rekodi ya mapato iliyodumu hadi 1993, ilipopitwa na Jurassic Park, kazi nyingine ya Spielberg. Ilipata tuzo 4 za Oscar, mojawapo ikiwa ya muziki wa John Williams.

Kutoka Ukumbini hadi Sebuleni

Njia iliyoifikisha filamu hii nyumbani haikuwa nyofu. Mnamo 1976 kampuni ya Universal, ambayo ndiyo iliyokuja kuisambaza E.T., iliungana na Walt Disney kuishtaki kampuni ya Sony. Hoja yao ilikuwa kwamba deki za Betamax ziliwawezesha watu kunakili kazi zilizolindwa na sheria ya hakimiliki. Sony ilishinda katika mahakama ya mwanzo mnamo 1979, nayo Universal ikashinda katika rufani mnamo 1981. Kwa hivyo, E.T. ilipotolewa, hukumu iliyokuwapo ilikuwa upande wa wale walioiona deki kuwa adui. Ni Januari 1984 tu ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kipindi cha runinga nyumbani ili kukitazama baadaye hakukuwa ukiukaji wa sheria.

Hata baada ya uamuzi huo, Universal haikufanya haraka. Iliirudisha filamu katika majumba ya sinema mnamo 1985, na kaseti halali haikutolewa hadi Oktoba 1988, wakati nakala za wizi zilikuwa zimekwisha kuenea. Kaseti iliyouzwa Marekani ilikuwa na sehemu za plastiki ya kijani ili nakala halali itambulike kwa macho. Bei yake ilikuwa dola 24.95, ilhali kaseti nyingi za filamu mpya, zilizolengwa maduka ya kukodisha, ziligharimu takriban dola 80 hadi 90. Zaidi ya kaseti milioni 10 zilinunuliwa.

Bei hiyo ndiyo kiini cha historia hii, maana iliugeuza uhusiano wa hadhira na kazi. Filamu ya ukumbini ni tukio: huja, huonwa, huondoka. Filamu iliyonunuliwa ni mali ya nyumbani mithili ya kitabu kilichoko rafuni. Mtoto aliweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma, na kuitazama mara nyingi kiasi cha kuyahifadhi mazungumzo na kujua pumzi zinapovutwa. Picha ilikuwa na ukungu, na ilifinyangwa ilingane na umbo la runinga za wakati huo. Pamoja na kasoro hizo, kaseti ilizaa kundi la watazamaji walioijua matini neno kwa neno.

Nyumba Ndani ya Filamu

Yamkini hakuna filamu iliyostahili zaidi kutazamwa sebuleni. Mandhari yake kuu ni nyumba, na sayansi yake ni sayansi ya vyombo vya nyumbani. Mgeni anajifunza maneno kwa kutazama kipindi cha watoto katika runinga pamoja na Gertie. Chombo chake cha kuwasiliana na kwao kimeundwa kwa mwavuli, msumeno wa duara na kifaa cha kuchezea cha kufundishia tahajia. Kamera nayo imeshushwa hadi kimo cha mtoto. Kwa sehemu kubwa ya filamu, mama ndiye mtu mzima wa pekee ambaye uso wake unaonekana wazi. Mwalimu hana uso, na afisa mkuu wa serikali anatambulishwa kwa mlio wa funguo zinazoning'inia kiunoni. Kwa mbinu hii, ulimwengu wa watu wazima unakuwa sayari ngeni kuliko ile aliyotoka mgeni.

Hapa ndipo kuirejelea filamu kunapoisahihisha kumbukumbu. Wengi hukumbuka baiskeli ikipita mbele ya mwezi. Anayeirudia akiwa mtu mzima hukutana na mambo mengine: mama anayegeuza uso kuficha machozi baada ya kukumbushwa kwamba mumewe yuko Mexico na mwanamke mwingine, kaka wawili gerejini wakijaribu kukumbuka harufu ya baba yao kwenye shati aliloliacha, nyumba iliyofunikwa kwa plastiki, na wahudumu wa tiba, ambao wengi wao walikuwa wahudumu halisi, wakihangaika juu ya mwili unaokata roho. Kumbe filamu inayokumbukwa kwa furaha imejengwa juu ya msingi wa talaka na hofu. Spielberg mwenyewe amehusisha chimbuko lake na kutengana kwa wazazi wake. Kwa hivyo, hamu ya yaliyopita hudanganya inapochagua, lakini ndiyo hiyo hiyo inayomrejesha mtazamaji penye ukweli aliousahau.

Kuna kinaya kingine. Filamu inakamilika kwa kuagana. Mgeni hawezi kubaki, na Elliott hawezi kuondoka naye. Kinachosalia ni ahadi kwamba atakuwamo katika kumbukumbu ya mvulana. Maudhui haya yanafundisha kukubali kupoteza. Kaseti, kinyume chake, iliahidi kwamba hakuna kitakachopotea: bonyeza kitufe, naye mgeni atarudi.

Bunduki Zilizotoweka

Ahadi hiyo ilitikiswa mnamo Machi 2002, filamu ilipotolewa upya kuadhimisha miaka 20. Viungo vya mgeni vilisanifiwa upya kwa kompyuta katika baadhi ya picha, na tukio la bafuni lililokuwa limeachwa likarejeshwa. Mabadiliko mawili yalizua mjadala. La kwanza lilihusu maafisa wanaowazuia watoto barabarani: bunduki zilifutwa mikononi mwao na mahali pake pakawekwa redio za mawasiliano. La pili, lililofanywa wakati jeraha la mashambulizi ya Septemba 2001 lilikuwa bado bichi, lilikuwa la neno. Mama anapomkataza Michael vazi lake la sikukuu ya Halloween, neno gaidi liliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na hipi.

Badiliko la bunduki lina uzito wa kifani, si wa kimaadili pekee. Katika matini ya 1982, bunduki inaonyeshwa kwa karibu, kisha uso wa Elliott uliojaa hofu, ndipo baiskeli zinapopaa. Muujiza huo ni jibu la tishio la mauti. Bunduki ikiondolewa, taharuki hulegea: watoto wanapaa kuwakimbia watu wenye redio, na ujasiri wao unapungua thamani. Aidha, badiliko hilo linawasafisha watu wazima waliosawiriwa kama tishio tangu mwanzo.

Ni kweli kwamba mtunzi ana haki ya kuirekebisha kazi yake, na waandishi wengi wamefanya hivyo. Isitoshe, santuri za dijiti zilizotolewa Marekani mwishoni mwa 2002 zilijumuisha matoleo yote mawili. Lakini kurekebisha si sawa na kufuta. Msomi wa fasihi ya Kiswahili analielewa tatizo hili vyema: Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, umewafikia wasomaji kupitia miswada inayotofautiana, na kutofautiana huko kumechunguzika kwa sababu miswada ilihifadhiwa. Katika kadhia ya E.T., miswada hiyo ilikuwa mamilioni ya kaseti majumbani. Mtazamaji aliyeambiwa kwamba redio ndizo zilizokuwapo aliweza kuiingiza kaseti ndani ya deki na kujionea.

Hitimisho

Mnamo 2012, toleo la Blu-ray la maadhimisho ya miaka 30 lilirejea matini ya 1982 pekee, bunduki zikiwamo. Mnamo Aprili 2023 Spielberg alikiri hadharani kwamba hakupaswa kuibadilisha filamu hiyo, kwa kuwa kila filamu ni alama ya mahali watu walipokuwa ilipotengenezwa. Mtunzi alikuwa ameafikiana na hadhira yake.

Hata hivyo, ushindi huo usichukuliwe kuwa wa kudumu. Kaseti huchakaa, na deki mpya zilikoma kuundwa mnamo 2016. Filamu zinazotazamwa kupitia intaneti hukaa mikononi mwa msambazaji, anayeweza kuziondoa au kuzibadilisha bila kugonga mlango wa mtu. Mtoto anayetazama filamu kwa njia hiyo leo ataibeba kumbukumbu yake, lakini siku atakapoambiwa kwamba alichokiona hakikuwapo, hatakuwa na kaseti ya kijani ya kuonyesha. Kazi ya kuhifadhi matoleo ya mwanzo, ambayo katika kisa hiki ilifanywa na familia bila kukusudia, sasa inawaangukia wahakiki na maktaba.