Daktari anamwandikia dogo gemu badala ya dawa? Hii stori ni ya zamani kuliko PlayStation

Dogo wa miaka sita kakaa kwenye kochi, iPad mkononi, usoni kavaa miwani yenye kioo chekundu upande mmoja na kijani upande wa pili. Matofali yanadondoka, yeye anayapanga. Mama yake hamgombezi hata kidogo. Anachomuuliza ni mbona ameweka chini wakati saa yake haijaisha.

Hiyo ilikuwa hali ya nyumba nyingi Marekani karibu miaka kumi iliyopita, pale gemu lilipopewa kazi ya kutibu jicho. Wengi walilichukulia kama jambo jipya kabisa, la kizazi cha simu. Wala si jipya.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Kwa daktari wa macho, hivyo viwili vina undugu wa karibu kuliko unavyodhani. Mtoto mwenye makengeza, au ambaye jicho moja lina namba kubwa ya miwani kuliko lingine, ubongo wake hupokea picha mbili zisizoelewana. Ubongo haupendi fujo, kwa hiyo unachagua jicho moja na kulipuuza la pili. Jicho lililopuuzwa unaweza kulitazama ukaliona zima, halina kidonda wala ukungu, ila halioni vizuri. Kitaalamu ni ambliopia, wengine husema jicho vivu, ingawa jicho lenyewe halina uvivu wowote. Aliyesusa ni ubongo.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kibabe. Mwaka 1743 msomi Mfaransa, Buffon, aliandika kuhusu makengeza na kushauri jicho zima lifunikwe ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Kabla yake kulikuwa na vinyago vyenye matundu. Daktari Mjerumani Georg Bartisch alivichora kwenye kitabu chake cha mwaka 1583, na ukiviona leo utadhani ni vazi la filamu ya kutisha. Kitambaa kilishinda kinyago, na mpaka sasa bado kinatumika.

Shida ya kitambaa haijabadilika tangu enzi za Buffon. Kinasaidia, lakini mtoto hakitaki. Unamfunika jicho linaloona, unamwacha na linaloona ukungu, kisha unampeleka shuleni kwa wenzake wenye midomo. Atakibandua. Kila mzazi aliyewahi kupewa kitambaa hicho anaijua vita ya asubuhi.

Karne ya 19 ikaleta starehe. Mwaka 1838 Charles Wheatstone wa London alieleza kifaa cha kutazamia picha mbili, moja kwa kila jicho, na ubongo ukaziunganisha kuwa kitu kimoja chenye kina. Haikupita miaka mingi, kifaa cha aina hiyo kikawa burudani ya sebuleni Ulaya. Watu walikaa kwa zamu kutazama majumba na milima kama vile wako pale pale. Kwa lugha ya leo, zile ndizo zilikuwa miwani za uhalisia pepe za wakati ule.

Daktari Mfaransa Émile Javal akaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Baba yake alikuwa na makengeza, ndugu yake wa kike pia. Kama burudani hii inamlazimisha mtu atumie macho yote mawili ili apate picha kamili, kwa nini isiwe zoezi? Akatengeneza kadi, nusu ya alama huku, nusu kule, na kazi ya mgonjwa ikawa kuziunganisha. Mwaka 1896 alitoa kitabu kizima kuhusu makengeza. Mwaka 1900 yeye mwenyewe alikuwa kipofu, kwa presha ya macho.

Kazi ya Javal ilihitaji uvumilivu wa ajabu, miezi na miezi ya kadi zile zile, na ndiyo maana haikuenea kama alivyotaka. Ila shika wazo lake vizuri: kila jicho lipewe nusu, na bila ushirikiano huoni kitu. Litarudi.

Halafu wakaja paka. Miaka ya 1960 huko Marekani, Hubel na Wiesel walifunga jicho moja la paka wachanga kwa wiki kadhaa, kisha wakapima ubongo. Jicho lilikuwa salama, lakini seli za ubongo hazikulijibu tena. Kwa paka mkubwa, kufunga vile vile hakukuleta madhara hayo. Wakapewa Nobel mwaka 1981, na madaktari wakapata hofu yenye tarehe: kuna dirisha la utotoni, na linafungwa. Baadaye ilionekana kwamba hata mtoto wa miaka 7 hadi 12 anaweza kunufaika na tiba, lakini kuwahi bado ni bora.

Gemu lenyewe liliingia Cambridge mwaka 1978. Kulikuwa na sahani yenye mistari myeusi na myeupe inayozunguka polepole, juu yake kioo cha plastiki. Mtoto alifunikwa jicho zima, akachezea juu ya plastiki ile michezo ya kuchora na kalamu, dakika saba tu kila awamu. Matokeo ya mwanzo yalisisimua, na vifaa vikasambaa kliniki nyingi. Kisha watafiti wengine wakafanya jambo rahisi: wakaweka sahani isiyo na mistari. Watoto wakapona vile vile. Mistari haikuwa na maajabu. Kilichosaidia kilikuwa kukaa na jicho dhaifu, ukilishughulisha na kitu unachokipenda.

Mmoja wa waliokuwemo kwenye timu ile alihamia Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na zaidi ya miaka thelathini baadaye yeye na wenzake wakaichukua Tetris, gemu lililozaliwa Moscow mwaka 1984, wakaligawa. Matofali mengine yalionekana na jicho dhaifu kwa rangi iliyokolea, mengine na jicho zima kwa rangi iliyofifia. Ukitumia jicho moja, unapoteza. Ni kadi za Javal zile zile, safari hii zinadondoka. Mwaka 2013 walitangaza kwamba watu wazima 18 walicheza saa moja kwa siku kwa wiki mbili, na waliotumia macho yote mawili walipiga hatua kubwa kuliko waliofunikwa jicho. Watu wazima! Na miaka miwili nyuma, Berkeley, wengine walikuwa wamecheza gemu la vita au la kujenga mji jicho zima likiwa limefunikwa, saa 40, wakaona nafuu.

Basi ikafika zamu ya watoto, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwachukua watoto 385. Wengine gemu la matofali saa moja kwa siku, wengine kitambaa saa mbili, kwa wiki 16. Wa kitambaa walipanda mstari 1.35 kwenye chati ya herufi, wa gemu 1.05. Ukiuliza kwa nini, kumbukumbu za iPad zenyewe zilisema: ni watoto 22 tu kati ya kila 100 waliocheza zaidi ya robo tatu ya muda walioandikiwa. Walichoka. Unampa mtoto wa mwaka 2015 matofali ya mwaka 1984, kila siku, miezi minne, ulitegemea nini?

Ikatengenezwa Dig Rush, gemu la wachimba dhahabu, kampuni ya Ubisoft ikishiriki. Jaribio dogo la Dallas lilipendeza. Jaribio kubwa la watoto 138, mwaka 2019, lilionyesha kwamba kwa wenye umri wa miaka 7 hadi 12 halikuongeza chochote juu ya miwani ya kawaida.

Kilichopenya ni katuni. Oktoba 2021 Marekani iliidhinisha Luminopia, miwani ya uhalisia pepe ambamo mtoto wa miaka 4 hadi 7 anatazama vipindi vya televisheni anavyovipenda, saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, huku kila jicho likipewa sehemu yake ya picha. Kwenye jaribio la watoto 105, walioitumia pamoja na miwani yao walipanda mistari 1.8, waliovaa miwani tu, 0.8.

Hapa mzazi asijidanganye. Gemu la kawaida kwenye simu, macho yote yakiwa wazi, halitibu jicho dhaifu, kwa sababu jicho zima ndilo linalocheza. Vyote hivi vilitengenezwa kwa kazi hiyo na kupangwa na daktari baada ya kupima, na kwa kawaida kinachoanza ni miwani ya macho.

Na kitambaa cha Buffon bado kipo kliniki. Kwa ambliopia ya wastani, saa mbili kwa siku zilionekana kutosha badala ya sita za zamani, na siku hizi kinauzwa kikiwa na michoro ya dinosaria.