Kadi ya chombo cha umeme: Nani mwenye mali?

KADI ya usajili ndiyo hati ya kwanza kuulizwa pale mgogoro wa umiliki wa gari, pikipiki au bajaji unapofika polisi au mahakamani. Mahakama huichukulia kadi hiyo kuwa ushahidi wa awali kwamba aliyetajwa humo ndiye mmiliki, hadi itakapothibitishwa vinginevyo.

Kanuni hiyo haibadiliki kwa sababu chombo kinatumia umeme. Hata hivyo, vyombo vya aina hii, ambavyo hapa nchini vingi ni vya magurudumu mawili na matatu, vimeongeza maswali ambayo mnunuzi wa Didia, mkoani Shinyanga, au wa Kahama na Geita, anapaswa kuyapatia majibu kabla ya kutoa fedha zake.

Swali la kwanza ni utambulisho. Chombo cha petroli hutambuliwa kwa namba ya chasisi na namba ya injini. Chombo cha umeme hakina injini. Kina mota, nayo huwa na namba yake. Namba hizo hazina budi kulingana na zilizoandikwa kwenye kadi. Bajaji ya petroli iliyong'olewa injini na kufungwa mota, huku kadi ikiendelea kutaja injini, itamletea matatizo mnunuzi wake siku ya ukaguzi. Mwenye chombo cha namna hiyo anatakiwa kuomba kubadilishiwa taarifa katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), baada ya chombo kukaguliwa, kabla ya kukiuza.

Swali la pili ni betri. Katika biashara nyingi za pikipiki za umeme Afrika Mashariki, dereva hununua pikipiki lakini betri hubaki kuwa mali ya kampuni. Dereva hulipia kila anapobadilishiwa betri iliyokwisha na kupewa iliyojaa. Kadi ya usajili haielezi jambo hilo. Anayenunua pikipiki hiyo kwa mtu wa pili anaweza kujikuta na kadi halali mkononi, lakini betri ikachukuliwa na mwenyewe, naye akabaki na chuma kisichotembea. Kwa sababu hiyo, mkataba wa mauzo unapaswa kutaja wazi kama betri na chaja vimo katika bei, pamoja na namba ya betri. Ikiwa betri ni ya kukodi, muuzaji alete barua ya kampuni inayomruhusu mnunuzi kuendelea na huduma.

Swali la tatu ni deni. Waendesha bodaboda wengi hupata chombo kwa mkataba: hupeleka hesabu kwa mwenye mali kila siku au kila wiki, na chombo huwa chao baada ya kumaliza kiasi kilichokubaliwa. Kadi hubaki kwa mwenye mali muda wote huo. Taasisi za fedha nazo hushikilia kadi, au huandikisha chombo kwa majina mawili, la mkopeshaji na la mkopaji. Dereva ambaye hajamaliza deni hana haki kamili ya kuuza, na msingi wa sheria ya mauzo ya bidhaa ni kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana.

Kwa upande wa dereva, kinga ni maandishi. Mkataba utaje jumla ya fedha, muda, nani analipia matengenezo na tarehe ambayo mwenye mali atakabidhi kadi na kusaini uhamisho. Kila hesabu inayopelekwa iwe na risiti au ujumbe wa malipo ya simu. Asiye na kumbukumbu hizo akifukuzwa akiwa amebakiza wiki mbili, hatakuwa na cha kumwonyesha hakimu.

Uhamisho wenyewe hufanyika TRA, na kwa mkazi wa Didia safari ni ya Shinyanga mjini. Hatua muhimu ni hizi:

Moja, kulinganisha namba za chasisi na mota na zile za kwenye kadi halisi, si nakala.

Mbili, kuangalia kama chombo kinadaiwa faini za barabarani, kwa kutumia namba ya usajili.

Tatu, kuandikiana mkataba wa mauzo mbele ya wakili, wenye picha za muuzaji na mnunuzi pamoja na vitambulisho vyao.

Nne, kuwasilisha TRA mkataba, kadi halisi na namba ya mlipakodi (TIN), kisha kulipa. Katika jedwali la TRA la mwaka 2022/23, ada ya uhamisho ilikuwa Sh50,000 kwa gari na Sh27,000 kwa pikipiki, pamoja na Sh10,000 za kadi mpya na ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani. Viwango huweza kubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, hivyo mnunuzi aulize kwanza.

Yapo mazingira yanayohitaji nyaraka zaidi. Kadi ikipotea, huhitajika taarifa ya upotevu kutoka polisi na kiapo. Mwenye kadi akiwa amefariki, mjane au mtoto hawezi kuuza kwa kuwa tu chombo kipo nyumbani. Ni lazima msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na barua ya usimamizi ndiyo inayompa mamlaka ya kusaini. Mkopo ukimalizika, mkopeshaji anapaswa kutoa barua ya kuthibitisha kwamba hadai tena, ili jina lake liondolewe.

Kwa chombo kipya kilichoingizwa kutoka nje na ambacho hakijasajiliwa, mnunuzi adai nyaraka za forodha zinazoonyesha kodi imelipwa. Bila hizo hakitapewa namba, na chombo kisicho na namba hakina kadi ya kuhamisha.

Kuchelewa kuhamisha kuna gharama kwa pande zote mbili. Chombo kikigonga mtu au kikitumika katika uhalifu, wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi, hata kama alikiuza miaka mitatu iliyopita. Mnunuzi naye, chombo kikiibwa, atashindwa kuthibitisha kwamba kilikuwa chake.