Wapelelezi wa Miami Walivyofundishwa Kunyamaza

Sekunde saba na nusu. Huo ndio wastani wa muda ambao shahidi alipewa kuzungumza kabla mpelelezi hajamkatiza, kwa mujibu wa kanda za mahojiano ya polisi wa Miami zilizochambuliwa na wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman pamoja na mwenzao mwaka 1987. Alikuwa mrefu? Alishika bastola? Maswali ya namna hii yalifuatana mfululizo, na shahidi akazoea kujibu kwa neno moja, kisha kungoja.

Wapelelezi hao hawakuwa wazembe. Kuzungumza na shahidi ni jambo ambalo polisi wengi waliachiwa wajifunzie kazini, kwa kumwiga aliyewatangulia.

Na swali lenyewe lina hatari. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali. Kati ya 50 walioulizwa magari yalikwenda kasi gani "yalipopondana", 16 walisema wiki moja baadaye kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kuhusu magari "yaliyogongana", ni 7 tu. Katika filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika.

Fisher na Geiselman wakaja na njia nyingine. Shahidi anarudishwa kimawazo pale pale: mwanga ulikuwaje, alisikia nini, moyoni alikuwa na hali gani. Anaombwa aseme yote, hata dogo analoliona halina maana, kisha asimulie upya akianzia mwisho. Mpelelezi anatega sikio. Kwa askari aliyezoea kuongoza mazungumzo, nadhani hapo ndipo penye kazi.

Wapelelezi 7 wa Miami waliofundishwa njia hiyo walipimwa kwa mashahidi halisi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1989: walipata taarifa zaidi kwa asilimia 47 kuliko walivyokuwa wakipata awali, bila usahihi kupungua.

Uingereza, iliyotikiswa na kuachiwa kwa wafungwa wa kesi za mabomu ya Guildford na Birmingham waliohukumiwa kwa maungamo yasiyoaminika, ilianzisha kozi ya wiki moja ya mahojiano kwa polisi mwaka 1993 na kuiingiza njia hii humo. Lakini tathmini ya kozi hiyo iliyofanywa na Colin Clarke na Rebecca Milne mwaka 2001 ilikuta kwamba mashahidi walihojiwa vibaya kuliko washukiwa. Hilo linauma, ila sababu yake mojawapo haijifichi: maneno ya mshukiwa yalirekodiwa kwenye kanda, ilhali ya shahidi mara nyingi yalibaki karatasini, kwa mwandiko wa aliyemhoji.